Nilivyoitoa harufu ya sangara kiwandani

Kiwanda cha minofu ya sangara kilikuwa kimefungwa kwa miaka, ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela jijini Mwanza, nami nilikitaka kiwe kituo cha wabunifu na wajasiriamali. Kila niliyempeleka kukiona alinishauri kilekile: "Piga rangi tu, harufu itakwisha." Ushauri huo unanikera mpaka leo. Ulinila milioni tatu na ushee.

Mkataba wa pango ulipokwisha kusainiwa, nikaosha kuta kwa jiki, nikapiga rangi ya mafuta, nikaalika vijana waje. Asubuhi palinukia rangi. Jua la saa saba lilipochoma bati, sangara walirudi wote. Wageni waliaga mmoja mmoja, na mimi nikabaki nimeketi pale hadi jioni.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kirumba, mtengenezaji wa sabuni za miche. Alichuchumaa, akakwangua ufa wa mfereji wa sakafuni kwa kisu, akaniwekea ute mweupe kiganjani. "Mwanangu, haya ni mafuta ya samaki. Kwa rangi umeyafunika tu. Yageuze sabuni."

Yeye huchanganya mafuta na kostiki soda, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, kila siku. Pale mafuta yalikuwa yanasubiri ndani ya zege. Tukainua vifuniko vyote vya mifereji, tukavaa buti na glovu ndefu. Kostiki unaitia kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki itakurukia usoni. Tukaimimina, tukaiacha saa kadhaa, kisha tukasugua kwa maji ya moto. Povu! Lilipanda kutoka kwenye nyufa kama tunafua nguo. Tulirudia jioni nne, mpaka povu likakoma. Maji yale yalibebwa na gari la majitaka. Ziwani usithubutu kuyamwaga. Wala kostiki isiguse alumini, inaitafuna.

Hapo ndipo nilipoona utajiri wa jengo lile. Vyumba vya baridi vina kuta nene, sponji katikati ya bati mbili: joto haliingii kirahisi, kelele nazo hupungua. Kimoja ni studio ya kurekodi sauti, kingine darasa. Bati hizo huzuia mtandao wa simu, kwa hiyo tulitoboa tukapitisha waya wa intaneti. Umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, ulikuwepo tayari, ndiyo maana mafundi wa kuchomelea walitangulia kuhamia kabla ya vijana wa programu. Sakafu ina mteremko wa kupeleka maji mferejini, basi viti vya magurudumu usinunue, na meza zikatie vipande vya mbao miguuni.

Chumba walichokuwa wakioshea samaki, chenye mabomba na mfereji mpana, amekichukua yule mama kwa sabuni zake. Ndiye mpangaji wa kwanza, na kodi ya miezi mitatu sikumdai.