Nilivyoipata orodha ya warushaji wa 1974, na 106 ikabaki 106

Naandika nikiwa bado nimekereka. Karibu kila niliyemuuliza jinsi ya kuhesabu mechi za mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpigaji mpira, alinijibu upesi, kwa kujiamini, na akanipoteza.

Jirani yangu hapa Ohio ni mzee aliyekulia Los Angeles. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa orodha ya warushaji walioingia mechi nyingi zaidi msimu wa 1974, timu zote 24 za ligi kuu mbili za Marekani. Kitabu cha takwimu nilikipata duka la vitabu vya mitumba, dola kumi na kitu.

Binamu yangu, anayefuatilia mchezo huu kuliko mimi, akanionya: "Dada, safu ya mechi usiiamini, inachanganya hata siku mtu alipoingia kukimbia tu. Jumlisha alizoanza na alizomaliza." Nikamwamini. Jioni tatu nzima nilijumlisha! Mike Marshall wa Dodgers, timu ya Los Angeles, hakuanza mechi hata moja, alimaliza 83, basi nikamwandikia 83.

Nilipomsomea mzee, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, taratibu: "106, mwanangu. Mwaka ule nilikuwa nasikiliza redio."

Usiku nikakaa na zile mechi 23 zilizopotea, na mpira wa miguu ndio ulionifungua. Mchezaji akiingia dakika ya 60 akatolewa dakika ya 80, hakuanza wala hakumaliza, lakini nani atasema hakucheza? Mrushaji wa akiba naye anaweza kuitwa awamu ya sita kati ya tisa za mechi, akampisha mwenzake awamu ya nane. Hesabu ya binamu ilikuwa imewafuta watu wa katikati wote, na hao ndio wanaoijaza orodha hii! Safu ya mechi katika jedwali la warushaji inahesabu mechi walizorusha, basi. Iaminini.

Nikarudia kutoka mwanzo. Safari hii niligundua njia ya kujikagua ambayo najivunia mpaka leo. Katika kila mechi timu ina mrushaji mmoja tu anayeianza, kwa hiyo safu ya walioanza, ukiijumlisha timu nzima, lazima ilingane na mechi za timu. Dodgers walishinda 102 wakapoteza 60, basi natafuta 162. Tena, mechi zilizorushwa na mtu mmoja mwanzo mwisho, ukiziongezea zile zilizomalizwa na wa akiba, zinarudi 162 ileile. Timu moja ilinigomea kwa mechi nne, na kumbe nilikuwa nimeruka jina. Mwangalie pia aliyehama timu katikati ya msimu. Ameandikwa mara mbili, na mechi zake zinaunganishwa.

Ligi ya Amerika aliongoza Rollie Fingers wa Oakland, mechi 76. Ligi ya Taifa ni Marshall, 106, awamu 208 na theluthi moja, zote akitokea akiba. Alifika kurusha mechi 13 mfululizo. Mwaka huohuo akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuipata. Baada yake, walioikaribia zaidi 106 ni Kent Tekulve mwaka 1979 na Salomón Torres mwaka 2006, wote wa Pittsburgh, kila mmoja mechi 94.

Nilimpelekea mzee karatasi Jumapili. Aliipitisha mbele ya macho polepole, akafika kwenye 106, akaweka kidole hapo. Akaanza kunisimulia fainali ya Oktoba, mechi ya pili, awamu ya tisa: Dodgers wanaongoza 3 kwa 2, Oakland wanamwingiza Herb Washington, mkimbiaji wa mbio fupi, asimame kituo cha kwanza. Marshall anageuka ghafla, anaurusha mpira kituoni, Washington ameshanaswa nje ya kituo, anatolewa.

Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi Marshall alivyogeuka, na chai ikamwagikia karatasi. Nitamwandikia nyingine.