Ninavyowaandaa wanafunzi kwa mashindano ya insha za uzoefu binafsi

Tangazo la shindano likifika shuleni kwetu hapa Arua, Uganda, nasoma masharti kabla ya mada. Natafuta mambo manne: umri unahesabiwa hadi tarehe ipi, kikomo cha maneno, lugha, na saa ya mwisho. Insha nyingi nzuri huanguka hapo, jaji akiwa hajasoma hata sentensi moja. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, lililoanza mwaka 1883, halina ada, na lina makundi mawili: walio chini ya miaka 14, maneno yasiyozidi 750, na wa miaka 14 hadi 18, yasiyozidi 1,500. Mwanafunzi wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, anaweza kuangukia kundi lolote kati ya hayo, kwa hiyo naangalia cheti cha kuzaliwa, si darasa. Saa nayo ina mtego. Saa sita usiku ya London ni saa tisa usiku kwetu, na wakati wa majira yao ya joto ni saa nane. Shindano likidai ada itumwe kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, naliacha.

Kazi kubwa ni kuchagua tukio. Nawapa dakika 15 waandike matukio 10, kila moja kwa sentensi moja yenye mahali na wakati. Kisha tunafuta yote yasiyoweza kusimuliwa ndani ya saa moja au siku moja ya maisha. "Maisha yangu baada ya baba kufariki" hayaingii katika kurasa nne. Asubuhi ambayo jirani alikuja kuchukua baiskeli ya marehemu inaingia. Ukitoa mada ya changamoto, wengi wataandika karo, na mimi siwakatazi. Nawauliza tu: ulirudishwaje nyumbani? Nani alisoma majina? Godoro ulilibeba kichwani au lilifungwa nyuma ya boda? Majibu ya maswali hayo ndiyo insha. "Nilihuzunika sana" haimwonyeshi jaji chochote.

Kabla ya kalamu, mdomo. Wanakaa wawiliwawili, mmoja asimulie dakika 5, mwenzake aulize maswali matatu na kuyaandika. Pale msikilizaji alipouliza ndipo pana pengo, na hapo ndipo rasimu itanyooshwa. Halafu dakika 40 za kuandika bila kufuta. Lugha ya rasimu hiyo naiacha huru. Tangu mtaala mpya wa 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, lakini darasani kwangu yupo aliyekulia Kiswahili nyumbani, Mnubi au mtoto wa kutoka Kongo, na yupo anayekisikia shuleni tu. Huyu wa pili akianza kwa Kilugbara, lugha ya nyumbani kwao, tukio hutoka likiwa zima.

Rasimu ya kwanza karibu kila mara huwa na ugonjwa mmoja: aya ya ufunguzi iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani. Jua limechomoza, jogoo wamewika, ndege wanaimba. Naifunika kwa karatasi na kumwomba mwandishi asome kuanzia aya ya pili. Mara nyingi kisa kinaanzia hapo, kwa hiyo aya ya kwanza inaondoka. Mwishoni napo kuna methali iliyobandikwa, nayo inaondoka.

Hesabu ya maneno inawachanganya wanaoandika Kiswahili kisha kutafsiri kwa ajili ya shindano la Kiingereza. "Hawakunipigia" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza yanakuwa matano. Rasimu ya Kiswahili yenye maneno 1,500 itavuka kikomo ikitafsiriwa, kwa hiyo nawaambia wasimame kwenye 1,000. Na wasitafsiri sentensi kwa sentensi: wafunge rasimu, wasimulie upya.

Mimi natumia penseli, na alama yangu ni mstari tu chini ya mahali penye tatizo. Siandiki sentensi mbadala. Sauti ya mtu mzima ndani ya insha ya mtoto wa miaka 15 hutambulika haraka, na masharti husema kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Iliyotungwa na programu ya kompyuta hutambulika vilevile: haina jina la kijiji, haina bei ya kitu chochote.

Jambo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni usalama. Kila mwandishi namuuliza: insha hii ikibandikwa langoni pamoja na jina lako, utakuwa na amani? Akisita, tunachagua tukio lingine. Majina ya watu wengine yanabadilishwa, na mzazi au mlezi anaisoma kabla ya kutia saini. Mwanafunzi akiandika kwamba anapigwa au ameguswa vibaya, hilo si la shindano tena. Insha inawekwa kando, naenda naye kwa mwalimu mlezi, na kuna laini ya watoto, 116, isiyolipishwa.

Kuchapa tunamaliza siku 4 kabla ya tarehe ya mwisho, maana umeme hukatika na intaneti huzidiwa siku ya mwisho. Ikiruhusiwa picha ya mwandiko wa mkono, kila ukurasa uwe na namba, upigwe karibu na dirisha bila flashi, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti. Baada ya kutuma, napiga picha ya ujumbe wa kupokelewa, na rasimu zote za mkono, pamoja na zile zenye mistari ya penseli, zinakaa kwenye faili moja hadi matokeo yatoke, kwa sababu waandaaji wanaweza kuomba uthibitisho kwamba mwanafunzi aliandika mwenyewe.