Usubi wa Doubtful Sound

Wa kwanza alinitua juu ya kiganja cha kushoto, pale Deep Cove, tukiwa tunashuka kwenye basi kwenda kupanda boti. Mdudu mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, kibiongo, kama mzee aliyeinama anachuma mboga. Sikumpiga. Nilibaki namtazama tu, magoti yakaanza kulegea. Mimi ni mtoto wa Mahenge, Tanzania, na mdudu yule sikuanza kumjua siku hiyo.

Ilikuwa Januari 2016. Nilikuwa nasoma Dunedin, kusini mwa New Zealand, na tulikuwa wanafunzi wanne tuliochangishana pesa za mafuta na gari la kukodi ili tuione Fiordland kabla masomo hayajaanza. Hifadhi hiyo ina zaidi ya hekta milioni 1.2 na sehemu kubwa haina barabara kabisa. Milford Sound, moja ya fiodi zake, yaani mikono ya bahari iliyojipenyeza kati ya milima mirefu, unafika kwa lami, watu wanamiminika kwa mabasi. Doubtful Sound, ambako mwenzetu mmoja, Mkenya, alikuwa ameapa kwamba ndiko kwenyewe, ni safari: unavuka ziwa Manapouri kwa boti karibu saa nzima, unapanda basi kilomita 22 juu ya mlima na kushuka upande wa pili, halafu unapanda boti nyingine. Ile barabara ya mlimani haiungani na barabara nyingine yoyote ya nchi. Ilichongwa miaka ya 1960 ili kupitishia mitambo mizito ya kituo cha umeme kilichochimbwa ndani ya mwamba kando ya ziwa. Dereva alitusimulia hayo kwa kujivuna kidogo, ungedhani sururu alishika yeye.

Mpaka hapo nilikuwa nimefurahi kweli. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua sisi wa Mahenge tunaijua, lakini Milford hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka. Huko mvua si tukio, ndiyo hali ya hewa. Basi lilisimama mahali, nikashuka nikabonyeza ukuta wa mlima kwa kidole. Kilizama mpaka kwenye kifundo, ndani ya zulia la kijani lililolowa kama sponji, na chini yake nikagota jiwe. Udongo hamna. Miti yote ile mirefu, na kangaga zilizojaa chini yake, imesimama juu ya jiwe, mizizi imeshikana kama watu wanaovuka mto kwa kushikana mikono. Mmoja akiteleza anaondoka na wenzake. Ndiyo maana milimani kuna michirizi mirefu iliyochubuka kutoka juu hadi majini, pale msitu ulipoporomoka wote kwa pamoja.

Ndipo tukafika Deep Cove, na wao wakatufikia.

Kwetu jina la mdudu ndilo jina la ugonjwa: usubi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa haoni tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na shamba bondeni, karibu na mto unaokwenda kasi, na usubi huzaliana kwenye maji yanayokwenda mbio, siyo yaliyotuama. Miguu yake ilikuwa na mabaka meupe. Sisi wajukuu alitutambua kwa kutupapasa kichwa, na mimi alinijua kwa kovu la paji la uso. Baadaye wanawe walimhamishia mlimani, lakini macho yalikuwa yameshakwenda. Kila mwaka mgawa dawa alikuwa anapita na fimbo yenye alama, unasimama, anakupima kimo, idadi ya vidonge inafuata urefu wako. Nilikuwa nainuka kwenye vidole vya miguu ili nipate vingi kama kaka.

Sasa nimesafiri mpaka upande wa pili wa dunia, nimelipia tiketi ya bei mbaya, namkuta yuleyule.

Ndani ya boti nilimwendea mwongozaji, mama mmoja wa umri wa mama yangu, nikamuuliza kama wadudu hawa wanapofusha. Alicheka. Nikamweleza habari za bibi, akaacha kucheka. Akasema hawa wanawasha tu. Na mimi nilikuwa nalijua jibu: anayepofusha ni mnyoo, mdudu ni mbebaji, na pasipo na mnyoo hakuna ugonjwa. Kichwa kilikubali. Ngozi ilikataa. Nilifunga kofia ya koti mpaka ikabaki pua.

Baadaye alishika kipaza sauti akasimulia mambo ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile. Tū-te-raki-whānoa, mungu wao mmoja, alizichonga fiodi hizi kwa tezo lake, na alipomaliza zilikuwa nzuri kupita kiasi. Hine-nui-te-pō, mungu wa kifo, akaona watu watakuja na hawatataka kuondoka kamwe, akaachilia usubi, ambao wao huwaita namu. Watu wakacheka. Mimi nikamwona bibi anavyobebwa kutoka bondeni na godoro lake. Kapteni Cook naye, baharia Mwingereza aliyepita nje ya mlango wa fiodi hii mwaka 1770 akaogopa kuingia kwa kuhofia upepo usingemtoa, alirudi mwaka 1773, akatia nanga Dusky Sound kusini kidogo, na akaandika kwamba hajawahi kukutana na wadudu wasumbufu kama hao.

Boti ikiwa inatembea hawaji. Basi nikalegeza kofia, nikatazama maji, meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani ya msituni. Tukaingia kwenye tawi moja jembamba linaloitwa Hall Arm. Nahodha akazima injini, akatuomba tunyamaze wote, hata kamera ziwekwe chini. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Kwanza masikio yanavuma, halafu unaanza kusikia maporomoko, moja, mawili, matano, kila moja na sauti yake, na tone linaloangukia kwenye chuma cha boti. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa amefumba macho.

Paa!

Watu zaidi ya hamsini wakageuka. Aliyejipiga shingoni ni mimi.

Jioni, tuliporudi Manapouri, simu ikashika mtandao. Saa moja usiku kwetu, Mahenge saa tatu asubuhi. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwambia milima, maporomoko, pomboo waliotusindikiza. Alikuwa anaitika "ehe, ehe" huku namsikia anapepeta mchele.

"Mama, na usubi wapo."

Ungo ukanyamaza.

"Usubi? Huko Ulaya?"

Nilishaacha zamani kumsahihisha kuhusu Ulaya. "Wengi kuliko wa mtoni kwa bibi."

"Na wameshakupima na ile fimbo?"