Moving Targets, albamu ya Penetration iliyosahaulika

Nimekuwa nikiisikiliza tena albamu ya Moving Targets, ambayo bendi ya Penetration kutoka Ferryhill, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iliitoa mwaka 1978, na nasikitika kwamba hutajwa kwa nadra sana panapozungumzwa muziki wa panki (punk), ile roki ya kasi na makali ya miaka ya 1970. Sauti ya mwimbaji wao Pauline Murray, kali na safi, hupaa juu ya ngoma zinazokimbia, huku magitaa yakisuka mahadhi ambayo bendi nyingi za panki za wakati ule hazikuyajali. Hata Free Money, wimbo wa mwimbaji wa Marekani Patti Smith, waliuimba kwa nguvu zao wenyewe. Nakala za kwanza zilikuwa santuri zinazong'aa gizani. Bendi ilivunjika mwaka 1979, baada ya albamu ya pili ambayo, kwa maoni yangu, haikuifikia hii.