Nilivyochagua ampi ya gitaa lililoshushwa hadi A, hapa Kigoma

Gitaa lenyewe ni la nyuzi sita, skeli ya inchi 25.5, na uzi mnene umeshushwa hadi A ya 55 Hz. Kwa tyuni ya kawaida uzi huo ni E ya 82.4 Hz. Ukimtajia muuzaji habari hizo atakuelekeza kwenye ampi (kikuza sauti cha gitaa) yenye besi nyingi, na hapo ndipo watu wengi hupoteza hela. Ampi inayofaa tyuni hii ni ile inayokuruhusu kupunguza besi kabla ya distosheni (hatua inayokwaruza sauti), kisha kuirudisha baadaye.

Kwanza tumalizane na nyuzi, maana bila hizo hata ampi ya milioni kadhaa itakuangusha. Mkazo wa uzi hupungua kwa mraba wa masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani Hz). Uzi wa 46 (unene wa inchi 0.046) unaobeba karibu kilo 7.9 ukiwa E hubaki na kilo 3.5 hivi ukishushwa hadi A. Hapo unagonga freti, na noti inaanza juu halafu inateremka. Mimi nimefunga 64. Mkazo umepanda tena kupita kilo 6, ila mfuo wa nati (kile kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa) ilibidi upanuliwe kwa faili nyembamba, na daraja likarudishwa nyuma ili noti za freti ya 12 zikae sawa.

Sasa ampi. Wimbi la 55 Hz ni kubwa. Likiingia kwenye distosheni likiwa zima, linameza nafasi yote ya saketi, na kila noti nyingine unayopiga inachanganyika nalo. Ndiyo maana kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya nyuzi mbili inatoka kama uji. Sikio letu halihitaji hiyo 55 yenyewe kwa wingi. Linatambua A kwa kusikia 110, 165 na 220 zinazotoka kwenye uzi huohuo. Kwa hiyo niliangalia mambo mawili kwenye saketi: kitasa cha besi kilichokaa kabla ya distosheni, au uwezo wa kuweka pedali ya busta (kifaa cha kukanyaga kinachosukuma sauti) mbele yake, na kitasa cha "resonansi" au "depthi" upande wa nguvu, kinachoongeza uzito wa chini baada ya sauti kukwaruzwa.

Busta za mtindo wa Tube Screamer zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu masafa yaliyo chini ya takribani 720 Hz haziyasukumi kama zinavyosukuma yaliyo juu yake. Draivu weka 0, levo 8 hadi 10, toni 5. Ukipandisha draivu umeharibu shughuli.

Dukani usijaribu ampi kwa kupiga solo. Tyuni gitaa lako hadi A palepale, simama mita tatu kutoka kwenye spika, ziba uzi mnene kwa kiganja karibu na daraja, upige haraka na kwa usawa, kisha katisha ghafla. Sikiliza ule ukimya. Ampi nzuri inanyamaza pamoja na mkono wako. Mbaya inaendelea kuvuma kidogo, na ukiongeza volyumu ule mvumo unakua kuliko noti. Baada ya hapo achia kodi ya nyuzi tatu ilie. Kama huwezi kuhesabu noti zake, shusha geini nusu ujaribu tena. Ikigoma bado, achana nayo.

Spika ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye ampi. Inchi 8 za mazoezi ya chumbani ziondoe kwenye hesabu; nenda inchi 12, na kabati lililofungwa nyuma lina mkazo mzuri kuliko lililo wazi. Usishtuke ukisoma kwamba spika ya Celestion Vintage 30 ina resonansi (masafa ambayo spika hutetemeka kirahisi) ya 75 Hz, juu ya noti yako. Chini ya hapo sauti inafifia polepole, na kwa gitaa la distosheni hiyo ni heri.

Wati je? Kutoka 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, si sauti mara mbili. Faida yake ni kwamba besi haikwami mapema ukipiga na dramu. Kwa ukumbi wa hapa Mwanga au Ujiji, transista ya wati 100 yenye inchi 12 inatosha.

Ampi za valvu (zile za taa za kioo badala ya transista) niliziacha makusudi. Sauti yake naipenda, lakini umeme ukishuka valvu zinabadilika tabia, valvu za akiba hazipatikani jirani, na kichwa chenye vioo ndani kikisafiri kutoka Dar kwa basi au treni unaomba Mungu. Nilichukua Boss Katana 100: ni transista, ina uzito wa kilo 15 hivi, busta na kizuia kelele vimo ndani, na nguvu inapunguzwa hadi wati 0.5 kwa mazoezi ya usiku.

Kabla ya kulipa, geuza ampi usome lebo ya nyuma. Sisi ni 230 V, 50 Hz. Mtumba wa Marekani huwa wa 120 V na wa Japani 100 V. Ukichomeka hivihivi moshi utautambua mwenyewe. Tumia stabilaiza, na ile pini ya ethi usiikate hata kama kuikata kunapunguza mvumo. Radi zikianza, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Asiye na bajeti hiyo anunue pedali ya efekti yenye kuiga kabati la spika, aiunganishe kwenye spika aktivu (yenye ampi ndani yake) ya inchi 12, zile zilizojaa makanisani na kwenye kumbi za harusi. Uigaji wa kabati lazima uwashwe, la sivyo twita (spika ndogo ya sauti za juu) itatoa mkwaruzo wa nyuki. Ampi ya gitaa la besi nayo inafaa kwa njia hiyohiyo. Kama ina twita, izime.

Ninavyoanzia, kwa vitasa vya 0 hadi 10: geini 5, besi 3, midi (sauti za kati) 6, trebo 5, presensi 5. Midi ndiyo inayokutoa katikati ya dramu na kinanda, kwa hiyo usiikate hata kama peke yako chumbani inasikika mbaya. Kizuia kelele kipandishe hadi mlio wa mapumziko ukatike, kisha ukiache hapo; kikizidi kitakula mikia ya noti. Kwenye mikisa bonyeza kile kitufe cha kukata besi, kwa kawaida kati ya 75 na 100 Hz, kwenye laini ya gitaa. Huko chini mwachie mpiga besi. E yake ni 41 Hz, na akikufuata hadi A atakuwa 27.5, kwa hiyo naye mwambie mapema abadilishe nyuzi.