Jinsi nilivyoiwezesha programu yangu kushughulikia njia ndefu za faili

Programu niliyoiandika kwa C++ ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kunakili folda za mtumiaji kutoka diski moja hadi nyingine. Mtumiaji mmoja alinieleza kwamba nakala yake ilipungukiwa na faili kadhaa, ingawa programu ilikuwa imemwambia kuwa kazi imekamilika. Nilidhani ni suala la ruhusa, lakini aliponitumia orodha niliona kwamba faili zote zilizokosekana zilikaa ndani kabisa, folda ndani ya folda, na kila folda ilikuwa na jina refu kama sentensi.

Kikomo cha zamani cha Windows cha urefu wa njia, yaani anwani kamili ya faili kuanzia diski hadi jina lake, ambacho waandishi wa programu hukiita MAX_PATH, ni herufi 260, zikiwemo herufi ya diski na alama tupu inayofunga mfuatano, kwa hiyo zinazotumika hasa ni 259. Njia za faili zake zilikuwa chini ya hapo. Ilinichukua muda kutambua kwamba folda ya kupokelea nakala ilikuwa na jina refu kuliko folda ya asili, hivyo njia iliyotosha upande wa kwanza ilivuka kikomo upande wa pili. Windows ilirudisha kosa namba 3, yaani njia haikupatikana, na msimbo wangu, kwa uzembe wangu mwenyewe, uliiruka faili na kuendelea kimya kimya. Kabla ya jambo lolote jingine nilihakikisha kwamba kila faili isiyonakiliwa inatajwa kwenye ripoti.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutanguliza alama \\?\ mbele ya kila njia, kwa kuwa vitendaji vya Yunikodi (amri za Windows zinazopokea herufi za lugha zote) vikipewa alama hiyo hukubali takriban herufi 32,767, mradi kila jina la folda au faili lisizidi 255. Sikutarajia gharama yake. Alama hiyo huiambia Windows isiisafishe njia hata kidogo: mkwaju / haugeuzwi kuwa \, alama .. haimaanishi tena folda ya juu, na njia isiyoanzia kwenye diski hukataliwa. Ilinibidi kwanza kuikamilisha kila njia kwa kitendaji cha Windows kiitwacho GetFullPathNameW, kisha kuongeza alama, na kwa folda za seva kutumia \\?\UNC\ badala yake. Katika majaribio niliwahi kuunda folda ambayo jina lake liliishia na nafasi tupu. Kidirisha cha kawaida cha faili kilishindwa kuifuta, nikaifuta kwa programu ileile iliyoiunda.

Tangu toleo la 1607 la Windows 10, lililotoka mwaka 2016, upo utaratibu mwepesi zaidi: thamani LongPathsEnabled iwekwe 1 katika sajili ya mfumo, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na programu yenyewe itangaze longPathAware katika manifesti yake, yaani faili linaloieleza programu kwa Windows. Moja bila nyingine haifui dafu. Thamani ya sajili, isitoshe, husomwa mara moja tu katika uhai wa programu inayoendeshwa, jambo lililonipotezea saa kadhaa nikibadilisha sajili bila kuifunga programu na kuifungua upya. Niliongeza tangazo hilo, lakini sikuiondoa alama ya \\?\, kwa sababu kubadilisha sajili kunahitaji haki za msimamizi ambazo watumiaji wengi hawana.

Kazi ya kuchosha kuliko zote ilikuwa ndani ya msimbo wangu. Nilitafuta neno MAX_PATH nikakuta bafa nyingi (sehemu za kumbukumbu za kushikia data kwa muda) za ukubwa usiobadilika, ambazo zingeikata njia ndefu hata baada ya Windows kuikubali. Nilizibadilisha zote zikue kulingana na urefu unaohitajika. Halafu niliandika majaribio yanayounda folda hatua kwa hatua hadi kupita herufi 300, nikisimama kwa makusudi pale 259 na 260, na pia karibu na 248, kwa kuwa kuunda folda kuna kikomo chake kidogo zaidi kinachoacha nafasi ya jina la faili la mtindo wa kale.

Mtumiaji yule alirudia kunakili na hesabu za pande mbili zikalingana. Kitufe cha kufungua folda katika kidirisha cha kawaida bado hakiaminiki kwa njia ndefu mno, kwa hiyo pembeni yake nimeweka kingine cha kunakili njia kama maandishi.