Mazabodi yangu ya kwanza, na ule waya nilioupuuza

Basi wikendi nikajifungia chumbani kuunda kompyuta, na mazabodi yangu ya B550 (ule ubao mkuu unaochomekwa vifaa vyote) na prosesa ya Ryzen 5 5600, ndiyo ubongo wa kompyuta, mikono inatetemeka utadhani nafanya upasuaji. Prosesa yenyewe haina shida, unalinganisha kile kipembetatu cha dhahabu cha kwenye kona na alama ya kwenye soketi, unanyanyua kile kijichuma cha pembeni halafu inadondoka yenyewe, ukiona unalazimisha ujue umekosea na pini zikipinda hapo umekwisha. Ramu mbili, vile vibao vya kumbukumbu, usizibandike tu popote, weka tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka isikike klik. Haya yote fanya juu ya boksi la mazabodi kabla hujaiingiza kwenye kesi, yaani kasha la kompyuta, mgongo utakushukuru. Na hakikisha vile viguu vya kufungia skrubu vipo kwenye kesi, maana mazabodi ikigusa bati tu unaweza kupiga shoti.

Sasa kilichonitesa. Nawasha, feni zote zinazunguka, taa zinawaka kama harusi, skrini nyeusi tii. Masaa mawili nachomoa na kuchomeka ramu! Kumbe ule waya mkubwa wa pini 24 nimechomeka, ila wa pini 8 wa prosesa, ule wa juu kabisa kwenye kona, niliuona nikadhani wa ziada. Nikauchomeka, BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mwanzo, hiyo hapo. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.